Jazi ya Marekani na watu wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kusikiliza jazi hurushiwa majina kwa mkupuo: Armstrong, Ellington, Holiday, Parker, Coltrane. Anayaheshimu, ila hajui nani alimtangulia nani, wala kwa nini huyu anatajwa na yule amesahauliwa. Majibu ya hapa chini yanaegemea upande ambao wapenzi wa muziki huuruka, yaani kazi: nani aliajiriwa, aliingilia mlango gani, alilipwa nini, na nani alikuwa na mamlaka ya kumzuia asipige. Watu hawa walikuwa vibarua kabla hawajawa magwiji, na wengine walibaki vibarua hata baada ya hapo.

Jazi ilianzia wapi?

New Orleans, mji wa bandari katika jimbo la Louisiana, kati ya miaka ya 1890 na 1910 hivi. Mji huo ulikuwa wa Wafaransa, ukawa wa Wahispania, ukarudi kwa Wafaransa, kisha Marekani ikaununua pamoja na Louisiana nzima mwaka 1803. Enzi za utumwa, watu weusi wa pale waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kwenye uwanja ulioitwa Congo Square, wakapiga ngoma zao na kucheza. Utumwa ulipokwisha zikashamiri bendi za matarumbeta. Zilipiga kwenye maandamano, pikiniki na hasa mazishini: kwenda makaburini, nyimbo za dini kwa mwendo wa taratibu, kurudi, midundo ya kuchezeka njia nzima.

Mtu ambaye wenzake walimtaja kuwa wa kwanza ni Buddy Bolden, mpiga koneti (tarumbeta fupi) aliyezaliwa 1877. Mwaka 1907 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko alikaa mpaka alipofariki 1931. Hakuna santuri hata moja inayojulikana yenye sauti yake. Hivyo sifa zote za koneti yake, kwamba ilisikika umbali wa maili kadhaa, ni masimulizi ya waliokuwapo, na wazee wa muziki ni watu wa chumvi nyingi.

Ni kweli ilizaliwa kwenye madanguro?

Kwa kiasi kidogo tu. Mtaa wa Storyville, uliotengwa kwa biashara hiyo mpaka ulipofungwa 1917, uliwapa riziki wapiga piano kama Jelly Roll Morton. Bendi zenyewe zilikuwa mitaani, kumbini na makaburini. Hadithi ya madanguro inapendwa kwa sababu inauza vitabu.

Mbona santuri ya kwanza ya jazi ni ya Wazungu?

Kwa sababu wao ndio waliopata nafasi studio. Tarehe 26 Februari 1917, bendi ya vijana weupe kutoka New Orleans, Original Dixieland Jass Band, ilirekodi mjini New York kwa kampuni ya Victor. Santuri ikauzwa sana, na kiongozi wao, Nick LaRocca, aliishi akidai kwamba jazi waliianzisha wao. Husimuliwa kwamba mpiga koneti mweusi Freddie Keppard alipata nafasi hiyo kabla yao akakataa, akihofia wenzake wangenunua santuri na kumwibia mapigo yake.

Bendi ya weusi ya Kid Ory ilirekodi California 1922. Aprili 1923 ikafuata bendi ya King Oliver, katika studio ya Gennett huko Richmond, Indiana, iliyokuwa kando ya reli: treni ikipita, kazi inasimama. Maikrofoni za umeme zilikuwa bado, wanamuziki walipiga wakielekea bomba kubwa lililopokea sauti. Kijana mmoja mpiga koneti ya pili alisimamishwa mbali na wenzake kwa sababu sauti yake ilimeza ya kila mtu. Huyo ndiye Louis Armstrong.

Armstrong alifanya nini hasa ambacho wengine hawakufanya?

Kabla yake, bendi ya New Orleans ilipiga kwa pamoja: koneti, klarineti na tromboni zikisukana muda wote. Katika santuri alizorekodi Chicago kati ya 1925 na 1928 na vikundi vyake vya Hot Five na Hot Seven, Armstrong alimtoa mpigaji mmoja mbele na kumpa uwanja wa kutunga papo hapo, wengine wakimshikia. Wanamuziki wengi bado hukutajia kwanza ule mwanzo wa tarumbeta peke yake katika West End Blues, iliyorekodiwa Juni 1928. Ni sekunde chache tu, na zinatosha kumkatisha tamaa mwanafunzi wa tarumbeta mpaka leo. Upande wa kuimba, aliingia na sauti ya mikwaruzo na silabi zisizo na maana, akailegeza lugha ya nyimbo za Marekani kiasi kwamba waimbaji weupe waliokuja baadaye, Bing Crosby akiwemo, walijifunza kwake.

Utoto wake ulikuwa wa dhiki. Usiku wa kuamkia 1913 alifyatua bastola hewani akisherehekea mwaka mpya, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya watoto weusi waliopotoka. Humo ndimo alimofundishwa koneti vizuri. Maisha yake yote alisema alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya taifa. Baada ya kifo chake ikapatikana kumbukumbu ya ubatizo inayoonyesha 4 Agosti 1901.

Nani aliyemsukuma aache kuwa wa pili?

Mkewe, Lil Hardin, mpiga piano wa bendi hiyohiyo ya King Oliver. Walioana 1924. Yeye alikuwa amesoma muziki, akijua kuandika noti na kupanga sauti, na ndiye aliyemhimiza mumewe aondoke kwa Oliver akajitafutie jina. Kwenye Hot Five alipiga piano na kutunga baadhi ya nyimbo. Ndoa ilivunjika, heshima ikabaki. Armstrong alifariki tarehe 6 Julai 1971. Mwezi wa Agosti uliofuata, Lil Hardin alianguka akiwa anapiga piano jukwaani Chicago katika tamasha la kumkumbuka, akafariki.

Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja. Ni uonevu.

Cotton Club ilikuwa klabu ya watu weusi?

Ilikuwa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Waliokuwa jukwaani ni weusi, wahudumu ni weusi, mapambo yalikuwa ya mashamba ya pamba ya kusini. Mwenye mali alikuwa jambazi mweupe wa biashara ya pombe, Owney Madden, na wateja walitakiwa wawe weupe. Mama wa mpiga tarumbeta hangeweza kununua tiketi akamwone mwanawe.

Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, mzaliwa wa Washington, aliajiriwa hapo Desemba 1927. Alitaka kazi ya kudumu, na hapo aliipata: onyesho jipya la kulitungia muziki kila msimu, bendi isiyobadilikabadilika, na redio iliyorusha muziki wake nchi nzima. Alitunga kwa kumfikiria mpigaji fulani, si chombo. Akiandika sehemu ya saksafoni, ameiandikia Johnny Hodges. Hodges akiondoka, wimbo nao unabadilika. Ndiyo maana bendi nyingine zikipiga nyimbo zilezile hazifanani na yake.

Katika ziara za majimbo ya kusini miaka ya 1930, ambako hoteli hazikuwapokea, Ellington alikodi mabehewa ya treni. Bendi ilikula na kulala humo, behewa likiegeshwa stesheni. Watu wa mji walidhani ni ufahari, naye hakuwasahihisha.

Ni kweli Ellington alinyimwa tuzo ya Pulitzer?

Ndiyo, 1965. Jopo la waamuzi wa muziki lilipendekeza apewe heshima maalumu kwa kazi ya maisha yake, bodi ikakataa, waamuzi wawili wakajiuzulu. Ellington, akiwa na miaka 66, alijibu kwamba majaliwa yanamhurumia, hayataki apate umaarufu angali kijana mno. Heshima hiyo ilitolewa 1999, miaka 25 baada ya kufa kwake.

Weusi na weupe walianza lini kupiga pamoja hadharani?

Faragha walipiga pamoja zamani, usiku wa manane baada ya kazi. Mbele ya wateja wanaolipa, jina linalotajwa ni Benny Goodman, mpiga klarineti mweupe, aliyemweka jukwaani mpiga piano mweusi Teddy Wilson katika hoteli ya Chicago mwaka 1936, kisha Lionel Hampton. Tarehe 16 Januari 1938 walipiga Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa kizungu wa hali ya juu kuliko wote New York, na baadhi ya watu wa bendi za Ellington na Count Basie wakawa wageni.

Goodman anastahili sifa yake. Ila angalia mwaka huohuo: Billie Holiday alikuwa mwimbaji katika bendi ya mzungu Artie Shaw, na katika hoteli moja ya New York aliambiwa atumie lifti ya mizigo ili wageni wasidhani weusi wanalala hapo. Aliacha kazi.

Kwa nini Billie Holiday anazungumzwa kwa uchungu namna hii?

Kwa sababu ya wimbo mmoja na kadi moja.

Wimbo ni Strange Fruit, uliotungwa na mwalimu wa shule wa Bronx, Abel Meeropol, juu ya watu weusi walionyongwa na makundi ya Wazungu na kuachwa wakining'inia mitini. Holiday aliuimba 1939 Café Society, klabu ya New York iliyokaribisha watu wa rangi zote. Ulikuwa wimbo wa mwisho wa onyesho: wahudumu walisimamisha kazi, taa zilizimwa, mwanga mmoja ukabaki usoni pake, na akimaliza hakurudi hata watu wapige makofi namna gani. Kampuni yake, Columbia, ilikataa kuurekodi. Ukarekodiwa na kampuni ndogo iliyoitwa Commodore, Aprili 1939.

Kadi ni ile ya polisi wa New York. Tangu 1940 mpaka 1967, mtu yeyote aliyefanya kazi katika klabu iliyouza pombe, mwimbaji au mpishi, alitakiwa awe na kadi ya polisi na alama za vidole. Ukipatikana na kosa, kadi inachukuliwa. Holiday alifungwa 1947 kwa heroini. Alipotoka aliweza kuimba Carnegie Hall, Machi 1948, ukumbi ukafurika, lakini hakuweza kuimba katika klabu ya watu 80 iliyouza bia. Kwa mwanamuziki wa jazi klabu ndiyo mshahara. Ukumbi mkubwa unaupata mara moja moja. Mpiga piano Thelonious Monk naye alikaa bila kadi kuanzia 1951 hadi 1957, miaka ambayo wengi wanaamini alikuwa katika ubora wake, na New York ilikuwa mji wake.

Holiday alikufa tarehe 17 Julai 1959, hospitalini, akiwa na miaka 44. Polisi walikuwa wamemkamata akiwa kitandani kwa tuhuma za dawa za kulevya.

Bibop ni nini, na kwa nini mwanzo wake hausikiki kwenye santuri?

Ni jazi ya haraka, yenye sauti zilizopindwa, iliyopikwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 katika baa kama Minton's Playhouse ya Harlem. Monk alikuwa kwenye piano, Kenny Clarke kwenye dramu, na Dizzy Gillespie wa tarumbeta na Charlie Parker wa saksafoni wakija usiku kupima ubavu. Ilikuwa ya kusikilizwa zaidi kuliko kuchezwa, na wengi waliichukia kwa hilo.

Santuri za mwanzo hazipo kwa sababu ya mgomo. Chama cha wanamuziki kilipiga marufuku wanachama wake kurekodi kuanzia tarehe 1 Agosti 1942, kikidai malipo kwa santuri zinazopigwa redioni na kwenye baa badala ya bendi hai. Kampuni ya Decca ilikubali 1943, kampuni kubwa nyingine zikasalimu amri Novemba 1944. Walipofungua studio, muziki ulikuwa umeshageuka. Kwa wasikilizaji wa santuri ilikuwa kama Parker ameshuka kutoka angani.

Parker alifariki Machi 1955. Daktari aliyeuona mwili alikadiria umri wa miaka 50 hadi 60. Alikuwa na 34.

Pesa zilikwenda wapi?

Kwa wenye kampuni, mameneja na wachapishaji wa nyimbo. Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi aliyeuza santuri nyingi mno kwa Columbia katika miaka ya 1920, alilipwa kiasi maalumu kwa kila upande wa santuri, bila mrabaha. Kwenye nyimbo kadhaa maarufu za Ellington utaona jina la meneja wake, Irving Mills, kama mtunzi mwenza. Mills alimfungulia milango mingi, hilo ni kweli. Alilipwa kwa kila mlango.

Je, serikali ya Marekani ilitumia jazi kisiasa?

Waziwazi. Wakati wa Vita Baridi, Wasovyeti walipenda kuikumbusha dunia namna Marekani inavyowatendea weusi. Wizara ya Mambo ya Nje ikaamua kutuma bendi nje. Gillespie alitangulia 1956 na bendi ya watu wa rangi mbalimbali, akaenda Iran, Pakistan, Lebanon, Uturuki na kwingineko. Alipoitwa kupewa maelekezo ya nini aseme juu ya ubaguzi, hakwenda.

Armstrong alipangiwa kwenda Umoja wa Kisovyeti. Septemba 1957 gavana wa Arkansas alitumia askari kuzuia watoto weusi tisa wasiingie shule ya Little Rock. Armstrong, akiwa Grand Forks, North Dakota, alimwambia mwandishi kijana wa gazeti la pale kwamba Rais Eisenhower hana ujasiri, na kwamba kwa namna serikali inavyowatendea watu wake huko kusini, hatakwenda kuiwakilisha. Watu waliokuwa wakimwona kibaraka mcheka na Wazungu walipigwa butwaa. Siku chache baadaye Eisenhower alituma jeshi.

Na safari ya Armstrong ya Kongo?

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwaka 1960 Armstrong alifanya ziara ndefu ya Afrika kwa udhamini wa serikali yake. Mwishoni mwa Oktoba alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, akabebwa juu kwenye kiti cha enzi katikati ya umati. Kongo ilikuwa huru tangu tarehe 30 Juni, nchi imeshapasuka. Patrice Lumumba, aliyekuwa ameondolewa uwaziri mkuu Septemba, alikuwa amezingirwa nyumbani kwake katika mji huohuo. Armstrong akaenda pia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, makao ya Moïse Tshombe aliyekuwa amelitenga jimbo la Katanga. Watu wa pale walimshangilia kwa dhati. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga, na shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limekwisha kupanga njama zake za kumuua.

Armstrong hakuwa mpanga njama. Alikuwa mwanamuziki mwenye mkataba. Lakini anayesema ziara zile zilikuwa za muziki mtupu ana haja ya kuangalia kalenda. Ziara hiyo ilimfikisha pia Nairobi.

Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz: nazo zilipiga jazi hii?

Hapana. Kwetu jazz katika jina la bendi ilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na matarumbeta au saksafoni. Walichopiga ni dansi, iliyojengwa juu ya rumba ya Kuba iliyofika kwa santuri, na baadaye rumba ya Kongo. OK Jazz ya Franco, iliyoundwa Léopoldville 1956, ni hivyohivyo. Ukinunua santuri ya Mbaraka Mwinshehe ukitegemea kumsikia Coltrane, utapata kitu kingine, na hutajuta.

Kiswahili kiliingiaje katika jazi ya Marekani?

Kiliingia kupitia harakati za uhuru. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala, mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn alirekodi New York kazi kubwa aliyoiita Uhuru Afrika. Aliikusanya bendi nzito: Max Roach kwenye dramu, Yusef Lateef kwenye saksafoni na filimbi, Babatunde Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma. Upangaji wa sauti ulikuwa wa Melba Liston, mpiga tromboni aliyekuwa katika ile bendi ya Gillespie ya 1956. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya uhuru, na Weston, aliyetaka lugha ya Kiafrika isikike, akayaghanisha kwa Kiswahili kwa sauti ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alikuwa mbunge Tanzania. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba santuri hii haijulikani sana kwetu, ambao hatuhitaji mkalimani kuielewa.

Wimbi la pili lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani Weusi walipojipa majina ya Kiafrika na sherehe ya Kwanzaa kuanza 1966. Kikundi cha mpiga piano Herbie Hancock kikavishwa majina ya Kiswahili na mwanamuziki kijana James Mtume: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson, ambaye alikuwa daktari kweli, akawa Mganga. Mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto, na sijui nani alimfikiria hivyo. Albamu ya Mwandishi ilitoka 1971.

Nianze kusikiliza nini?

Armstrong wa Hot Five kwanza, uzoee mkwaruzo wa santuri. Kisha Ellington katika tamasha la Newport la 1956, pale Paul Gonsalves anaporudia mzunguko wa wimbo mara 27 kwa saksafoni na wasikilizaji wanasimama. Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959, haina haja ya kusifiwa tena. Halafu Uhuru Afrika. Bibop iache mpaka masikio yazoee.

Filles de Kilimanjaro ya Miles Davis inahusu mlima wetu?

Kidogo sana. Ni albamu ya 1968, na jina lilichangiwa na kahawa: Davis alikuwa ameweka fedha katika kampuni ya kahawa iliyobeba jina la Kilimanjaro.